Programu Ikizima Ghafla: Faili Inayobaki Nyuma Ina Nini, Inakaa Wapi, na Nani Anafaa Kuiona?

Ni jioni ya mwisho wa mwezi. Umesimama kwenye kaunta ya supamaketi na nyuma yako kuna foleni ndefu. Umefungua programu ya malipo, ukaweka nambari ya till, ukaweka kiasi, ukaweka PIN. Halafu skrini inakuwa nyeupe, programu inajifunga, na unajikuta umerudi pale mwanzo wa simu. Hakuna risiti wala ujumbe. Keshia anakuangalia, na wewe unaiangalia simu.

Hapo kuna maswali mawili. La kwanza kila mtu huliuliza: pesa zangu ziko wapi? La pili wachache hulifikiria: simu imeandika nini kuhusu kilichotokea, na imekiweka wapi? Leo tutayajibu yote mawili, manake hilo la pili ndilo matapeli wanaweza kulitumia ukiwa bado umechanganyikiwa.

Kwanza, pesa

Malipo hayafanyiki ndani ya simu yako. Simu hupeleka ombi tu, na hesabu yenyewe hufanywa kwenye seva zetu. Kwa hivyo programu ikizima, hiyo si dalili kwamba malipo yamekufa, na pia si dalili kwamba yamepita. Huenda ombi lilifika kabla programu haijaanguka. Huenda halikutoka kabisa.

Fanya hivi:

1. Usilipe tena papo hapo. Watu hulipa mara mbili hapa, kwa haraka tu ya foleni.
2. Subiri SMS ya uthibitisho. Isipokuja, angalia salio na taarifa ya malipo yako ya karibuni.
3. Ikiwa pesa zimetoka na muuzaji hajapata kitu, andika mahali saa, kiasi na nambari ya till, kisha wasiliana nasi kwa njia zetu rasmi pekee.

Hayo yakishatulia, sasa tuingie kwenye faili.

Hii faili ni nini hasa?

Programu inapofanya kazi, vitu vyake viko kwenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM: jina lako, salio lililoonyeshwa, nambari uliyoandika, na kwa sekunde chache hata PIN. Programu ikianguka vibaya, mfumo wa simu ama wa kompyuta unaweza kunakili sehemu ya kumbukumbu hiyo na kuihifadhi kama faili, ili fundi aje aangalie ni wapi mambo yaliharibika. Wataalamu huita nakala hiyo dampu. Jina hilo lisikufanye ufikirie Dandora. Hii si takataka. Ni kama picha ya chumba iliyopigwa sekunde ile taa zilipozimika: kila kilichokuwa mezani kinaonekana, hata kile ambacho ulikuwa karibu kukificha.

Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, faili hii huitwa core. Jina hilo limetoka enzi ambapo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa vijipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwa nyaya. Vijipete vilishaondoka zamani, jina likabaki.

Mtengenezaji makini wa programu hupunguza hatari hii kwa kuifuta PIN kwenye kumbukumbu mara tu inapomaliza kazi. Kwenye Linux anaweza pia kuuagiza mfumo usiweke eneo fulani la kumbukumbu ndani ya dampu. Uwezo huo upo tangu toleo la 3.4. Lakini si kila programu iliyo kwenye simu yako imetengenezwa kwa makini hivyo. Ndiyo maana inafaa ujue faili hizi zinakaa wapi.

Kwenye simu ya Android

Android imejengwa juu ya Linux, lakini imewafungia watumiaji mlango wa faili hizi. Programu ikianguka kwa kosa la ndani kabisa, mfumo huandika ripoti kwenye folda iitwayo /data/tombstones. Tombstone ni jiwe la kaburi, na kweli ndivyo faili ilivyo: inasema nani amekufa, amekufa kwa nini, na alikuwa akifanya nini. Majina yake ni ya nambari tu: tombstone_00, tombstone_01, na kuendelea. Nafasi zikijaa, ripoti mpya huchukua mahali pa ile ya zamani zaidi.

Programu ikiganda badala ya kufa, yaani ukigusa skrini na isijibu kwa sekunde 5, hiyo ni habari nyingine na ripoti yake huenda kwenye /data/anr.

Wewe kama mtumiaji wa kawaida huwezi kubadilisha majina hayo wala folda, na huwezi kuzifungua bila kuvunja ulinzi wa simu. Tafadhali usiuvunje. Mtu akikuambia "nitakufungulia simu nione kosa", ujue anafungua pia kila kitu kingine kilichomo. Unachoweza kupanga ni vitu viwili.

Cha kwanza ni kutuma taarifa za hitilafu kimyakimya. Kwenye mipangilio ya Google ndani ya simu kuna swichi ya matumizi na uchunguzi. Ukiiwasha, taarifa za programu kuanguka hufika kwa Google, na watengenezaji wa programu huonyeshwa muhtasari wa makosa hayo: aina ya simu, toleo la Android, na mahali kwenye programu ambapo kosa lilitokea. Ni njia salama ya kutusaidia kurekebisha mambo, manake huhitaji kumtumia mtu faili yoyote.

Cha pili ni ripoti kamili ya hitilafu. Hii hutolewa kupitia chaguo za wasanidi, ambazo hujitokeza ukienda kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu simu, halafu ukigusa nambari ya muundo mara 7. Hatua zinatofautiana kidogo kati ya simu na simu. Matokeo yake ni faili ya zip ambayo jina lake huanza na bugreport, likifuatwa na nambari ya muundo wa simu, halafu mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde.

Jina ni la kawaida, lakini yaliyomo ni mazito. Ndani yake kuna kumbukumbu za mfumo mzima: programu ulizo nazo, akaunti zilizo kwenye simu, mitandao, na chochote ambacho programu nyingine zimeandika kwenye kumbukumbu hizo. Si ripoti ya programu moja, ni ripoti ya simu nzima. Kwa hivyo usiitoe bila sababu, na ukishaituma kwa anayestahili, ifute kwenye simu na uzime tena chaguo za wasanidi.

Kwenye iPhone

Apple imerahisisha kuziona. Fungua Settings, kisha Privacy & Security, kisha Analytics & Improvements, halafu Analytics Data. Utakuta orodha ndefu. Jina la kila faili ya programu iliyoanguka huanza na jina la programu yenyewe, likifuatwa na tarehe na saa, na mwisho wake ni .ips. Ukiona jina linaloanza na JetsamEvent, hiyo inamaanisha kumbukumbu ya simu ilikuwa imebanwa na mfumo ukalazimika kufunga programu ili kupata nafasi. Mara nyingi dawa yake si kubwa: sasisha programu, funga zile usizotumia, zima simu na uiwashe tena.

Ripoti za iPhone hazibebi nakala nzima ya kumbukumbu. Zinaonyesha aina ya simu, toleo la mfumo na hatua ambazo programu ilikuwa ikizipitia ilipoanguka. Pale pale kuna swichi iitwayo Share With App Developers. Ukiiwasha, watengenezaji hupata ripoti hizo kupitia Apple.

Kwenye kompyuta ya duka

Hapa ndipo tunataka wenye maduka, mawakala na wahasibu wa chama wasome polepole. Ukitumia kompyuta ya Windows kupokea malipo ama kulipa mishahara, dampu zake ni kubwa kuliko za simu na ni rahisi kuzifikia. Na zilizomo ndani si siri zako peke yako, ni nambari na majina ya wateja wako.

Kompyuta nzima ikianguka na kuonyesha ile skrini ya buluu, Windows huandika faili iitwayo MEMORY.DMP ndani ya C:\Windows. Dampu ndogo nazo huwekwa kwenye C:\Windows\Minidump. Ili kupanga hayo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, fungua sehemu ya Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Utapewa chaguo kadhaa:

- Small memory dump huhifadhi kidogo sana, na inatosha kwa makosa mengi ya kawaida.
- Kernel na Automatic huhifadhi kumbukumbu ya kiini cha mfumo, bila ile ya programu zako. Automatic ndiyo Windows za sasa huja nayo.
- Complete memory dump huhifadhi kila kitu kilichokuwa kwenye RAM. Kama programu ya mauzo ilikuwa wazi, orodha ya wateja iliyokuwa kwenye skrini inaweza kuwa humo.

Ushauri wetu kwa duka ni huu: bakia kwenye Automatic ama Small. Complete iwashwe tu fundi unayemwamini akiihitaji kwa kosa maalum, na akimaliza irudishwe. Pia acha tiki kwenye sehemu inayosema faili ya zamani iandikwe juu, ili usije ukawa na rundo la MEMORY.DMP zilizosahaulika.

Angalia pia majina ya dampu ndogo. Huanza na tarehe kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele. Faili inayoanza na 060524 si ya tarehe 6 Mei, ni ya tarehe 5 Juni 2024. Mtu anaweza kutafuta kosa la wiki nyingine kabisa kwa sababu ya hilo.

Programu moja ikianguka huku kompyuta ikiendelea, mpangilio uko kwingine. Unaweza kumwomba fundi aweke kwenye rejista ya Windows sehemu iitwayo LocalDumps, ambayo hukaa ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Windows Error Reporting. Humo kuna mambo matatu ya kukubaliana naye:

- DumpFolder, yaani faili ziwekwe wapi. Msiposema kitu, huenda kwenye folda ya CrashDumps ya mtumiaji aliyeingia. Mkichagua folda nyingine, programu iweze kuandika humo, lakini wafanyakazi wengine wasiweze kusoma.
- DumpCount, yaani zihifadhiwe ngapi. Kawaida ni 10, kisha mpya hufuta ya zamani. Kwa duka dogo, 2 ama 3 zinatosha.
- DumpType, yaani kiasi gani kihifadhiwe. 1 ni dampu ndogo, 2 ni nzima. Bakia kwa 1.

Jina la faili litakuwa la programu pamoja na nambari ya kazi yake, kwa mfano duka.exe.4312.dmp. Hiyo 4312 si saa wala tarehe. Ukitaka kujua ilianguka lini, angalia saa ya faili kuandikwa.

Kwa wenye seva ya Linux

Baadhi ya biashara huendesha mifumo yao kwenye Linux. Huko mpangilio wa jina uko kwenye faili moja tu: /proc/sys/kernel/core_pattern. Isome kwanza kabla ya kubadilisha chochote. Ikianza na alama ya mstari wima, yaani |, maana yake dampu haiandikwi moja kwa moja bali inakabidhiwa programu nyingine. Kwenye Ubuntu programu hiyo kwa kawaida ni apport, na ripoti zake hukaa /var/crash. Kwenye mifumo mingi mingine ni systemd-coredump, na mipangilio yake iko /etc/systemd/coredump.conf. Humo, MaxUse huweka kikomo cha nafasi ya diski, na Storage=none huagiza kwamba tukio liandikwe lakini dampu isihifadhiwe.

Kama unataka kupanga jina mwenyewe, unaweza kuandika hivi kwenye faili iliyo chini ya /etc/sysctl.d:

kernel.core_pattern = /var/dampu/core.%e.%p.%t

Hapo %e ni jina la programu, %p ni nambari ya kazi, na %t ni saa ya kuanguka. Folda ya /var/dampu lazima uitengeneze kwanza, manake mfumo hautakutengenezea. Isipokuwepo, dampu haiandikwi. Na kikomo cha ukubwa wa dampu kikiwa sifuri, jina liwe zuri namna gani, hutaona faili.

Saa tatu kwa tukio moja

Jambo la saa linastahili maelezo, manake huwachanganya wateja na mafundi pia. Mteja anatupigia na kusema programu ilianguka saa nne na robo asubuhi. SMS inasema 10:15. Faili ya kompyuta inasema 07:15. Mtu asiyejua atadhani ni matukio matatu, kumbe ni moja. Ya kwanza ni saa yetu ya Kiswahili. Ya pili ni saa ya Afrika Mashariki. Ya tatu ni saa ya kimataifa ambayo mifumo mingi huitumia, na iko nyuma yetu kwa saa 3.

Ile %t ya Linux ni ngumu zaidi, kwa sababu huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya kimataifa. Faili yenye 1700000000 ni ya tarehe 14 Novemba 2023, saa 22:13 kwa saa ya kimataifa. Kwetu Kenya tayari ilikuwa tarehe 15, saa saba na dakika 13 usiku. Ukitafuta tarehe 15 kwenye kumbukumbu zinazotumia saa ya kimataifa, hutapata kitu. Kwa hivyo ukituandikia, taja tarehe na saa jinsi ilivyo kwenye SMS ama kwenye taarifa yako ya malipo.

Nani anafaa kuiona?

Hatari ya faili hizi si hadithi. Julai 2023 Microsoft ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye barua pepe za mashirika takriban 25 wakitumia ufunguo wake wa kusaini. Septemba mwaka huo ikaeleza kwamba huenda ufunguo huo ulitoka kwenye dampu ya Aprili 2021, iliyohamishwa kutoka mtandao uliotengwa hadi mtandao wa kawaida wa kampuni bila mtu kugundua kilichokuwa ndani. Machi 2024 ikaongeza kwamba haikuwa imepata dampu yenye ufunguo huo. Hata kama chanzo kilikuwa kingine, funzo kwetu halibadiliki: kampuni kubwa hivyo ilipoanza kutafuta mahali siri ilipovujia, dampu ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushukiwa.

Sasa rudi kwenye kaunta ile. Umekasirika, unaandika malalamiko yako kwenye mtandao wa kijamii. Baada ya dakika chache mtu mwenye picha inayofanana na nembo yetu anakutumia ujumbe: "Pole sana mteja wetu, tutumie ripoti ya hitilafu kwa WhatsApp tukusaidie." Anazungumza kwa upole. Anajua maneno ya kitaalamu. Anaweza hata kukueleza jinsi ya kugusa nambari ya muundo mara 7. Akishapata faili anajua simu yako ni gani, ina programu gani na akaunti gani, na simu ya pili atakayokupigia itasikika ya kweli zaidi. Hiyo ya pili ndiyo ya kuomba PIN.

Kwa hivyo shika haya:

- Sisi hatutakuomba PIN wala nambari ya siri ya mara moja, hata kwa sababu ya programu kuanguka.
- Tukihitaji taarifa zaidi, tutakuelekeza ndani ya programu yetu ama kupitia nambari zetu rasmi ulizopiga wewe mwenyewe.
- Usitume faili ya bugreport, ya .ips wala ya .dmp kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni kundi la mafundi.
- Kabla ya kuuza kompyuta ya duka ama kuipeleka kwa fundi, futa MEMORY.DMP, folda ya Minidump na ile ya CrashDumps. Ukiuza, diski nzima ifutwe kabisa.
- Ikiwa faili ina taarifa za wateja wako, wewe ndiye mwenye jukumu la kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.
- Ukigundua umeshaituma kwa mtu usiyemjua, badilisha PIN mara moja, kisha utujulishe.

Programu zitaanguka, zetu pia zikiwemo, na zikianguka tunataka kujua ili turekebishe. Lakini hatuhitaji simu yako nzima ili tujue. Saa, kiasi na nambari ya till vinatosha kuanzia. Leo ukipata dakika tano, angalia ile swichi ya uchunguzi kwenye simu yako, na kama una duka, fungua C:\Windows uone kama kuna MEMORY.DMP ya mwaka uliopita inayokungoja.